Deni la Mwenye Kujua

Twawaomba ndugu zetu walimu waitazame namba hii kwa makini: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Kwa zaidi ya karne mbili ilihesabiwa na wenye elimu kuwa haigawanyiki. Kisha akatokea mtu akathibitisha kwamba yagawanyika, lakini asiweze kusema inagawanyika kwa namba gani. Baada yake akaja mwingine aliyeonyesha vigawo vyake waziwazi. Katika historia ya namba hii limo swali ambalo si la hesabu peke yake, nalo latuhusu sana sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani yake: Je, mwenye kujua anadaiwa nini na asiyejua?

Kwanza tueleze namba yenyewe, kwani haikuokotwa ovyo. Chukua bao letu la mashimo 32. Weka kete 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, 8 katika la nne, na uendelee hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lililotangulia. Bao litakapojaa utakuwa umetumia kete 4,294,967,295. Sasa ongeza bao la pili, na baada yake mashimo 3 ya bao la tatu, ili mashimo yote yawe 67. Jumla ya kete zote ndiyo namba yetu. Mtu akizihesabu kete hizo moja kila sekunde, pasipo kula wala kulala, atahitaji zaidi ya miaka trilioni 4. Wenye hesabu huifupisha kwa kusema: 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Yaani andika 2 mara 67, zizidishe zote pamoja, kisha punguza 1.

Jambo lililowashughulisha watu ni kama namba hiyo ni tasa au si tasa. Vitabu vyetu vya shule huita namba tasa kila namba iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Sisi watu wa lugha hatuna budi kusimama kidogo hapa. Tasa, kwa maana yake ya asili, ni yule asiyezaa. Lakini tukiichunguza namba tasa, twaona kuwa sifa yake si kutozaa bali ni kutozaliwa: hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe ambazo zikizidishwa huileta. Tena ndiyo izaayo nyingine zote, maana 12 ni mwana wa 2, 2 na 3, na kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ina wazazi walio tasa, nao ni wale wale daima, hata ukiwapanga vingine. Istilahi na iendelee kutumika, maana imekwisha kuzoeleka. Ila kwa makala hii na tushike picha hiyo ya uzazi: kuuliza kama namba ni tasa ni kuuliza kama ina wazazi.

Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha mjini Paris kitabu kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica. Humo alitaja vipeo ambavyo 2 ikipandishwa navyo, kisha ikatolewa 1, huleta namba tasa. Si kila kipeo kifaacho. Kipeo cha 2 huleta 3. Cha 3 huleta 7. Cha 5 huleta 31. Cha 7 huleta 127, na zote hizo ni tasa. Lakini kipeo cha 11 huleta 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mersenne alisema ya kuwa mpaka kufikia 257, vipeo vinavyofaa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Namba yetu ni ile ya 67.

Orodha hiyo ilikuwa na makosa matano. Vipeo vya 67 na 257 havikustahili kuwamo, na vipeo vya 61, 89 na 107 vilisahauliwa. Kazi ya kuikagua yote ilimalizika mwaka 1947, miaka 303 baada ya kuchapishwa. Hatumlaumu Mersenne kwa kukosea, maana binadamu hukosea, na mtu huyu aliwatumikia wanachuoni wa zama zake kwa barua nyingi na kwa moyo mkunjufu. Jambo la kuangaliwa ni jingine. Vipeo vya 17 na 19 vilikuwa vimekwisha kuthibitishwa kabla yake na Mwitalia Pietro Cataldi. Kipeo cha 67 hakikuwa kimethibitishwa na mtu yeyote. Hata hivyo vyote vimo katika mstari mmoja, kwa wino mmoja, na kwa sauti moja. Tena Mersenne mwenyewe alikiri ya kwamba zama zote zisingetosha kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ili ijulikane kama ni tasa. Basi alisema neno la hakika mahali alipojua kuwa hapana mtu awezaye kulikagua. Msomaji hakuachiwa njia yoyote ila kuamini.

Mwaka 1876, yaani miaka 232 baadaye, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba namba ya kipeo cha 67 si tasa. Njia yake ni ya ajabu, na ili ifahamike tutaieleza kwa umbo lililonyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mwaka 1930. Chukua kipeo kilicho tasa na kisicho 2. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, kisha toa 2. Jibu uligawe kwa namba unayoichunguza, ushike baki tu. Baki hilo nalo lizidishe kwa lenyewe, toa 2, ugawe tena. Idadi ya hatua ni kipeo chenyewe ukitoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, namba si tasa.

Tuijaribu njia hiyo. Kwa 31, ambayo kipeo chake ni 5, hatua ni 3, na mabaki ni 14, 8, 0. Basi 31 ni tasa. Kwa 2,047, ambayo kipeo chake ni 11, hatua ni 9, na mabaki ni 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282 na 1,736. Mwisho si 0. Basi 2,047 si tasa. Tazameni lakini: katika mabaki yote tisa, 23 haikutajwa, wala 89 haikutajwa. Twajua kwa yakini kuwa namba hii ina wazazi, na hatukuonyeshwa hata mmoja wao. Ni kama mtoto mchanga aliyeokotwa njiani. Hakuna mwenye akili atakayesema mtoto huyo hakuzaliwa na mtu, ingawa kijiji kizima hakimjui mama yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa hali ya namba yetu tangu mwaka 1876 hata mwaka 1903. Tarehe 31 Oktoba ya mwaka huo, katika mkutano wa Chama cha Wanahesabu cha Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alitoa mada yake juu ya kuvunja namba kubwa. Eric Temple Bell, aliyeandika visa vingi vya wanahesabu, asimulia ya kuwa Cole aliuendea ubao pasipo kusema neno, akaikokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha upande wa pili wa ubao akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakawa sawa. Akarudi kuketi kitini pake, na watu wakampigia makofi. Bell aongeza kwamba alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, Cole alijibu kuwa ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Yawezekana kisa hicho kimetiwa chumvi, kama visa vizuri vinavyotiwa. Lakini kule kuzidisha hakutiwi chumvi. Mtu aweza kuukataa ukimya wa Cole, akazikataa Jumapili zake, akasema hata makofi hayakupigwa. Zile namba mbili bado zikizidishwa zitaleta namba ile ile, mjini New York au mjini Bujumbura, leo au kesho. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya neno linalosimama kwa sababu ya msemaji wake na neno linalosimama lenyewe.

Tuangalie na uzito wa kazi yenyewe. Mtu akitaka kuhakikisha namba yetu kwa kujaribu vigawo kimoja kimoja, itambidi apande mpaka kupita bilioni 12. Ipo njia ya mkato: kila kigawo cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara 2, lazima kibakishe 1. Hata kwa mkato huo, kabla ya kukifikia kigawo kilicho kidogo kati ya viwili vile, zipo namba zaidi ya 1,400,000 za kuchujwa, na mchujaji hakuwa na kompyuta. Lakini mtu akiisha kuviona vigawo hivyo, kuvihakiki ni kazi isiyozidi saa moja au mbili kwa kalamu na karatasi, hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye subira. Cole alibeba mzigo mzito peke yake, akatuachia ulio mwepesi. Wala hakutupokonya ule mwepesi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Twaona katika historia hii daraja tatu za kujua. Ya kwanza ni dhana: mtu ana sababu zake za kuamini, lakini hawezi kuzitoa mbele za watu. Ya pili ni yakini isiyo na mfano: jambo limethibitishwa, nasi twalazimika kulikubali, ila hatujauona undani wake. Ya tatu ni ile iliyo dhahiri: sehemu za jambo zimewekwa mezani, na kila mwenye macho aweza kuzipima. Maoni yetu ni kwamba deni la mwenye kujua lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kusema kwa uaminifu yuko katika daraja gani. Sehemu ya pili ni kumwachia asiyejua kazi ya kuhakiki iliyo kadiri ya nguvu zake.

Walimu wengine watapinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kuwa darasa ambalo kila jambo huthibitishwa halitamaliza kitabu cha kwanza. Kwamba mtoto hujifunza kwanza kwa kuamini, kama alivyoamini kuwa hiki ni kijiko na kile ni kikombe. Na kwamba mambo mengine hayana uthibitisho mfupi. Hayo yote ni kweli. Lucas mwenyewe ni shahidi wao, kwani alijua kweli ambayo hakuweza kuionyesha kwa vigawo, wala ujuzi wake haukupungua kuwa ujuzi. Lakini hoja hiyo yaondoa lazima ya kuthibitisha kila kitu. Haiondoi lazima ya kutaja daraja. Mwalimu asemaye, "Jambo hili nimelipokea kwa waliotangulia, sijalipima," hakupunguza heshima yake. Amempa mwanafunzi ramani iliyoandikwa wazi mahali ambapo barabara bado haijakaguliwa.

Katika nchi zetu za jirani hatari ya wino mmoja ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa pwani aweza kumpinga mwalimu kwa lugha ya nyumbani kwake. Mwanafunzi wetu wa bara, ambaye Kiswahili hukikuta shuleni au sokoni, aghalabu hana pa kukatia rufani. Tukimwambia, "Waswahili hawasemi hivyo," mjadala umekwisha. Neno hilo laweza kuwa la kweli, laweza kuwa dhana tu, naye hana njia ya kupambanua. Yuko mbele yetu kama msomaji wa mwaka 1644 alivyokuwa mbele ya Mersenne.

Tuchukue mfano wa kila siku. Mwanafunzi ameandika: Vitabu zangu zimepotea. Mwalimu apiga mstari mwekundu. Amesema kweli, maana sentensi ina kosa; lakini amemwambia tu kuwa si hivyo, kama Lucas. Mwalimu mwingine aandika pembeni: Viti vyangu vimevunjika, vikombe vyangu vimevunjika, visu vyangu vimevunjika. Kisha amrudishia daftari. Mwanafunzi ataiona vi- ikirudi mwanzoni mwa jina, ikawa vy- katika -angu, ikarudi katika kitenzi, naye atalisahihisha kosa lake mwenyewe. Tena kesho akikutana na vyombo au viatu, hatahitaji kumwuliza mtu.

Mfano wa pili tuutoe katika kuhesabu kwenyewe. Ni rahisi mwalimu kutangaza kuwa maneno sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu, na darasa zima likaandika. Lakini mwanafunzi wa Kampala aweza kupewa kazi ya nusu saa: aandike hesabu ya Kiganda kando ya hesabu ya Kiswahili. Ataona bbiri kando ya mbili, ssatu kando ya tatu, nnya kando ya nne, ttaano kando ya tano, munaana kando ya nane, kkumi kando ya kumi. Kisha ataona mukaaga kando ya sita, musanvu kando ya saba, mwenda kando ya tisa, na hapo undugu umekatika. Mwanafunzi wa Kigali atakuta vivyo hivyo kwa gatandatu, karindwi na icyenda. Mwalimu akiisha kumwandikia sitta, saba na tisa kama Waarabu wanavyozitamka, akamkumbusha na neno kenda, ambalo ni jina la zamani la 9 katika Kiswahili, mwanafunzi atawaona wazazi wa maneno hayo kwa macho yake. Atagundua pia kwamba lugha ya mama yake, ambayo pengine aliionea haya darasani, ni shahidi anayesikilizwa katika baraza la Kiswahili.

Wala tusidhani kwamba mitambo ya leo imelifuta swali hili. Kompyuta ndogo ya kawaida sasa huvunja namba ya Cole kwa muda mfupi mno. Lakini tofauti kati ya kutafuta na kuhakiki haikuondoka. Imehamia kwenye namba kubwa zaidi. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman waliijengea tofauti hiyo njia ya kufichia siri, na katika mwaka huo huo namba yao ya tarakimu 129 ilitangazwa ili watu wajaribu kuivunja. Haikuvunjwa hata mwaka 1994, kwa msaada wa kompyuta za watu wengi waliojitolea. Na ile hali ya Lucas ingalipo. Namba 2 kwa kipeo cha 1,277, toa 1, yenye tarakimu 385, yajulikana kwa yakini kuwa si tasa. Lakini mpaka mwaka 2024 hakuwa amepatikana hata mzazi wake mmoja. Wenye hesabu hawaoni haya kuandika hivyo katika majedwali yao: si tasa, vigawo havijulikani. Laiti kamusi zetu na vitabu vyetu vya sarufi vingekuwa na ujasiri huo wa kuandika: twajua hili, lile hatujalijua bado.

Limebaki deni la upande wa pili, maana asiyejua naye anadaiwa. Akiisha kuwekewa sehemu mezani, ni wajibu wake kuzipima. Ipo njia ya wazee wa hesabu iitwayo kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za 193,707,721: utapata 37, kisha 10, kisha 1. Jumlisha za 761,838,257,287: utapata 64, kisha 10, kisha 1. Jumlisha za namba yetu kubwa: utapata 109, kisha 10, kisha 1. Na 1 mara 1 ni 1. Hesabu imepatana. Lakini asidanganyike mtu: njia hiyo huweza kuukamata uongo, haiwezi kuuthibitisha ukweli. Kama mpiga chapa amebadilishana nafasi za tarakimu mbili, kutupa tisa hakutamfichua. Hakuna budi kuzidisha.

Kwa hiyo twamwomba kila msomaji asizipokee namba zilizomo humu kwa sababu tu zimechapishwa katika jarida la chama chetu. Na achukue karatasi pana, na ikiwezekana awaite wanafunzi wawili watatu wa kumsaidia, kila mmoja apewe tarakimu zake za kuzidisha, kisha wajumlishe pamoja. Wakipata 147,573,952,589,676,412,927, watakuwa wameijua namba hiyo kama Cole alivyoijua. Wasipoipata, na wahakiki kazi yao mara ya pili. Na ikiwa bado haikupatana, tutashukuru kupata barua yao.